Lori Lako Lilishinda, Baba

Nyansiongo,
Jumapili jioni

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu vitu vya mezani kwetu havikuwa na majina katika Ekegusii. Mambo ya ng'ombe, ya shamba na ya kanisa tuliyasema kwa lugha ya nyumbani. Lakini tukishakaa kwenye ile meza ya dirishani na kufungua boksi jipya la vigari vya plastiki vya kuunga, ulihamia Kiswahili chako cha jeshini, deraya, kifaru, mzinga, ekseli, nami nikakufuata. Mama alikuwa akisema kwamba tukikaa pale tunageuka watu wa kabila jingine.

Sijui nianzie wapi. Nianze na habari.

Ng'ombe wako ni wazima. Yule mwekundu amezaa, ndama jike, na Mama hajampa jina. Mahindi ya upande wa barabarani yameiva, na Baba Mdogo Ogeto ameleta watu wa kuyavuna. Mimi nilirudi Masimba kufundisha hadi shule zikafungwa. Nafundisha, nasahihisha, nakula. Watu wakiniuliza kama nalala, nawajibu kwamba nalala. Na ni kweli, Baba, nalala sana. Siamki nikiwa nimelia wala nikiwa nimekuota. Naamka tu.

Siku ile mwalimu mkuu alikuja mlangoni mwa darasa langu akaniita kwa kidole. Nilimwona usoni, nikajua. Lakini nilikuwa katikati ya hesabu, basi nilimaliza kuiandika ubaoni, nikapangusa chaki mikononi, ndipo nikatoka. Akaniambia kwamba umeanguka zizini asubuhi ukikamua, na kwamba Mama alipofika ulikuwa umeshaondoka. Nikamwambia asante. Nikamuuliza nani atamalizia hesabu na watoto. Aliniangalia kwa namna ambayo mpaka leo sijui alikuwa anafikiri nini.

Kwenye mazishi sikulia. Shangazi Nyaboke alipiga yowe tangu kule kwenye geti, na wanawake wote wakaitikia, nami nilisimama katikati yao kama mti uliosahauliwa shambani. Nilisikia wakinong'ona kwamba msichana wa shule amekuwa na moyo wa jiwe. Haikuniuma. Hapo ndipo shida ilipo, haikuniuma. Walipokuwa wakiimba nilikumbuka kwamba uliacha chupa ya gundi wazi mezani, nikaondoka nikaenda kuifunga. Ilikuwa imekauka juu, imetengeneza ngozi. Niliitoboa kwa msumari, nikaifunga vizuri, nikarudi kaburini.

Baada ya mazishi ndugu zako walikaa kugawana vitu vyako, kama ilivyo desturi. Koti lako la mvua limekwenda kwa Baba Mdogo Ogeto. Buti nazo ni zake, ingawa zinambana. Walipofika kwenye rafu ya vigari vyako hakuna aliyedai fungu. Watoto wa wageni walikuwa wameshaviteremsha vingine, wakaviendesha uani kwenye mchanga. Lile lori lenye turubai lilikanyagwa. Nilikuwa nawatazama wakati wote, na sikuwakataza.

Mzee mmoja wa kanisa, sitamtaja, akauliza kwa upole kama si vizuri vile vitu vichomwe. Alisema ni vitu vya vita, na tena ni kama sanamu, na marehemu alikuwa shemasi. Hakusema kwa ubaya. Mama alikuwa amekaa sakafuni na shuka mabegani, hajasema neno tangu asubuhi. Akasema, "Hii ni kazi ya mikono yake. Haitachomwa nikiwa hai." Nami nilishangaa, Baba, kwa sababu miaka yote ile sikuwahi kumwona Mama akivigusa, isipokuwa kila Ijumaa jua likielekea kuzama, alipoifunika meza nzima kwa kitambaa ili Sabato isitukute na gundi vidoleni.

Nilianza kuvirudisha kwenye rafu. Kila kimoja nilikijua kilikotoka. Vile vya kwanza kabisa ni vya yule mzungu uliyekuwa ukimwendeshea lori hapa Nyansiongo kabla ya uhuru. Yeye na mkewe walipouza shamba na kuondoka waliacha maboksi ya mtoto wao kwenye stoo, hata hayajafunguliwa. Ukapata kipande chako cha ardhi na maboksi hayo. Nilikuwa mdogo, nakusomea maelezo ya Kiingereza kwa sauti bila kuyaelewa, wewe ukifuata picha. Ulikata vipande kwa wembe, mimi nikavisugua. Minyororo ya kifaru tuliiunga kwa msumari uliopashwa moto jikoni, na Mama akalalamika kwamba uji unanuka plastiki.

Wiki ya tatu hivi baada ya mazishi, alikuja Mwalimu Nyakundi kutoka Nyamarambe. Unamjua, hawezi kukaa kimya, lakini siku hiyo alikunywa chai kikombe kizima kabla ya kusema. Akasema maboksi mapya yamefika dukani kwa Bwana Kanji, Kisii mjini. Siku yenu ninyi watatu ya kuchagua kigari cha kukaa dirishani mwa duka ilikuwa imepita na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifanya. Akasema pia kwamba Bwana Kanji anafunga duka. Leseni ya biashara haikupatikana tena, na mwanawe aliye Uingereza amemwita. Huu ungekuwa uchaguzi wa mwisho, na kiti chako kilikuwa kitupu. Wameona nikikalie mimi.

Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Basi tulikwenda Jumapili iliyopita, kama kawaida yenu, mlango wa duka ukiwa umefungwa nusu. Hakuna kilichobadilika mle ndani, vitambaa, vioo vya taa, harufu ya uvumba na mafuta ya taa. Bwana Kanji alinishika mikono yote miwili. Akaenda kuleta chai. Kisha akayapanga maboksi juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, kama alivyokuwa akiwapangia ninyi watatu kila mwaka. Mwaka huu kulikuwa na kifaru kizito chenye mzinga mrefu, gari la deraya lenye magurudumu sita, na lori la kuvuta magari yaliyokwama, lenye kreni nyuma na ndoano ndogo sana.

Nilipoliona lile lori nilijua kwamba wote wawili wananitazama.

Maana kila mwaka ilikuwa hivyo. Bwana Kanji alichagua kilichokuwa na vipande vingi zaidi, hata kiwe nini. Mwalimu alichagua kifaru. Wewe ulichagua lori. Kisha mlibishana mpaka chai ikapoa, na kilichopata kura nyingi Bwana Kanji alikijenga akakiweka kwenye dirisha la duka mwaka mzima, watu wa sokoni wakipita wanakitazama. Lori halikuwahi kukaa dirishani hata mwaka mmoja. Mwalimu alikutania kwamba unamwacha simba unachukua punda. Mara nyingi ulicheka tu. Mara moja tu ulimjibu, nami nilikuwapo, nimekaa juu ya gunia la sukari.

Ulisimulia habari za Bama, kule ng'ambo ulikoendesha lori la jeshi vitani. Ulikuwa umepakia majeruhi, mvua inanyesha, lori limezama matopeni mpaka kwenye ekseli. Utingo wako, Mutua, alikuwa chini ya gurudumu akichimba kwa mikono. Kikaja kifaru cha upande wenu, na wale waliokuwa juu yake wakawapungia mkono, kikapita. Nyuma yake likaja lori bovu kuliko lenu, halina hata kioo. Dereva wake alishuka na kamba bila kuulizwa. Ulimaliza hivi, na sauti yako haikupanda: "Kifaru kilitupita. Lori lilisimama." Mwalimu siku hiyo hakukutania tena, ingawa mwaka uliofuata alichagua kifaru vilevile.

Nilitoka nyumbani nikiwa nimeshaamua kuchagua lori. Nilikuwa hata na maneno ya kulitetea, maneno yako. Zamu yangu ilipofika nikafungua mdomo, na nikasema deraya.

Bwana Kanji aliuliza kama nimesema deraya. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini, maana sheria ni lazima mtu aseme kwa nini. Nikawaambia ukweli. Nilisema kwamba nimelipenda kwa sababu juu yake kuna tundu, na mtu amesimama ndani yake, kifua nje, anaangalia aendako. Nilisema kwamba nikichagua lori nitakuwa nasema kwa sauti ya Baba, na Baba amekufa. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo. Mbele za watu nilikuwa nasema umelala, umetutoka, umepumzika. Pale dukani nikasema umekufa, nikanywa chai yangu.

Mwalimu Nyakundi alikaa akiligeuza boksi la kifaru. Alilisoma mbele, akalisoma nyuma. Nilimwona anakitamani, Baba, kilikuwa kizuri kweli, na sanduku limechorwa moto na moshi. Akaliweka chini. Akasema, "Mzee hawezi kukosa kura. Mimi nachagua lori." Na hakutoa sababu, na hakuna aliyemdai sheria.

Bwana Kanji alicheka kidogo, akavua miwani akaipangusa. Akasema kifaru kina vipande vingi kuliko vyote mwaka huu, amevihesabu usiku uliopita na kurudia tena. Kisha akasema, "Na mimi pia, lori."

Kwa hiyo lilishinda. Lori lako limeshinda, na kura ya mwanao haikuwamo. Nimeona nikuandikie kabla hujasikia kwa mwingine, ingawa najua hakuna mwingine wa kukwambia.

Nilingoja nisikie kitu. Furaha, au aibu, au hata njaa. Nilikaa pale nikijichunguza kama mtu anayebonyeza jino kuona kama bado linauma. Hakuna. Bwana Kanji akasema hatakuwa na wakati wa kulijenga, anafunga mizigo, na kwamba lazima nilijenge mimi, upesi, ili likae dirishani hata kama ni kwa siku chache kabla ya kufunga. Alinipa boksi la lori na boksi la deraya, akakataa tuongee habari ya malipo. Mwalimu akanisindikiza mpaka stendi akinieleza makosa yote ya kile kifaru, ili ajifariji.

Deraya bado imo ndani ya boksi. Lori nilianza nalo juzi. Nilitandaza vipande mezani, nikatafuta wembe, nikakuta mikono yangu inafanya kazi bila mimi. Fremu ya chini, ekseli, kreni. Ndoano niliishika kwa sindano ya Mama ya kushonea, maana vidole vyangu vimekua. Nilikuwa najenga kama ninavyofagia, nikitaka kumaliza tu.

Leo alasiri Mama aliingia kutoka zizini akaketi kwenye kiti chako. Hakuomba ruhusa. Alitazama kwa muda, kisha akauliza kwa Kiswahili, Baba, kile Kiswahili chake cha sokoni anachokionea haya, "Hii magurudumu inawekwa wapi?"

Nilimwonyesha. Nilimpa gurudumu moja na tone la gundi kwenye njiti ya kiberiti. Mikono yake ilinukia maziwa. Alilibonyeza, akalishikilia, akahesabu pumzi kama alivyokuwa akikusikia kutoka jikoni ukihesabu miaka yote hiyo. Alipoliachia, lilikuwa limekaa upande, limeinamia nje kama mguu wa ng'ombe aliyeteguka. Akalitazama sana. Akasema, "Baba yako angelibandua hili."

Nikasema ndiyo, angelibandua.

Naye akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, akafunika mdomo kwa upande wa khanga, na mabega yakaendelea kutikisika, na sikujua ni wakati gani kilipogeuka kikawa kitu kingine. Nilimshika mgongo. Nilikaa hivyo, mkono wangu mgongoni mwake, gundi ikikauka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ubaoni nikahisi baridi miguuni. Kitu kidogo hicho. Lakini nilikihisi, nikaenda nikavaa soksi.

Sasa amelala. Lori liko mbele yangu hapa, bado halijapakwa rangi. Nina wembe, na gundi haijashika sana. Ningeweza kulinyoosha lile gurudumu sasa hivi, na asubuhi Mama asingejua.

Kesho kutwa nitalipeleka Kisii, kwenye dirisha la Bwana Kanji. Nakuahidi, Tata, nikikuita baba kwa lugha ya nyumbani, litakwenda hivyohivyo, na gurudumu la Mama likiwa limekaa upande. Wapita njia watacheka wakitaka. Wewe nawe vumilia.

Pumzika salama. Nitakuletea habari za ndama akishapewa jina.

Ni mimi mwanao,
Kemunto