Kaboksi kanatembea mahali hakuna jina

Jumatano, baada ya Asr. Joto ni ile ya jana, upepo hakuna, mbuzi wamejaa chini ya tangi la maji. Jenereta bado inanguruma.

Naandika hii na sioni herufi hata moja. Kioo ya kompyuta iko mbele yangu, nyeusi. Ni kale kaboksi ka kijani tu kanaenda kulia kila nikibonyeza, kama mtu anatembea bila mwili. Nimetaka iwe hivyo. Mutua akipita nyuma yangu ataona giza.

Kazi yangu ni ofisi ya majina, hapa kambini. Watu waliopotezana kwenye vita wanakuja, wanataja mtu wao, naangalia kama ameandikishwa mahali pengine. Shule niliacha darasa la tatu, lakini majina nasoma vizuri. Kuongea ndio siwezi. Mtu akiniangalia machoni mimi naangalia mikono yake.

Kompyuta yenyewe iko chumba ya ndani. Huku mbele tuko na kioo na kibodi peke yake, waya inapita ukutani. Fundi wetu Mutua, mtu wa Kitui, ndio alinieleza: kioo haijui kitu. Inaambiwa tu. Nenda mstari wa kumi. Andika. Ng'arisha. Futa. Kila amri ni vifunguo vichache, na inaanza na Esc. Alikuwa na karatasi yenye amri zote. Nikazishika kwa kichwa siku mbili, vile tulishika sura kule duksi, madrasa yetu, tukisoma kwa sauti bila kujua maana.

"Wewe ni hatari," Mutua akacheka. "Mimi na diploma yangu bado nabeba karatasi kama bibi anaenda soko!"

Nilifurahi sana siku hiyo. Hakuna mtu alikuwa amewahi kusema mimi ni hatari.

Kuna moja nilipenda kuliko zote. Esc, bano la mraba, nane, m. Ukiituma, herufi zinazofuata zinakuja lakini hazionekani. Ziko pale, zimekaa nafasi yake, giza juu ya giza. Mpaka utume ile ya sifuri ndio zinazofuata zinaonekana tena. Mutua alisema hajui nani atataka kitu kama hiyo.

Mimi nilitaka.

Siku moja nikiwa peke yangu niliandika jina langu kwenye orodha, Abshir Ali, halafu nikaweka ile amri ya nane hapo hapo, halafu nikaendelea na jina la babu. Babu hakuonekana. Nikacheka peke yangu. Halafu mtu akabisha mlango, nikainuka, nikasahau.

Sasa Eeddo Dahabo.

Anauza maziwa ya ngamia kwenye geti. Si shangazi yangu wa damu, lakini sisi wote tunamwita Eeddo, na yeye anatuita hivyo hivyo, ndio desturi yetu. Miezi minne, kila Jumanne, amekuja kuuliza mtoto wake. Abshir Warsame Guled. Abshir kama mimi. Kila Jumanne nafungua ukurasa wa kina Abshir, kioo inaandika majina saba, la mwisho ni langu, halafu nyeusi. Nafikiri wameisha. Nasema hayuko.

"Angalia tena, eeddo. Macho ya vijana inakimbia."

Naangalia tena. Hayuko.

Jumanne ya wiki iliyopita hakuniambia niangalie tena. Alisema, "Basi. Allah amemchukua." Ijumaa watu wakamsalia Abshir, sala ya maiti bila maiti. Mimi nilisimama safu ya pili.

Jumamosi akaniletea macawis, ile kikoi yetu, ya bluu, mpya, ina mikunjo bado. Alikuwa amemwekea tangu watoke nyumbani. "Vaa wewe," akasema. "Jina ni moja. Na umenitafutia sana."

Nimeivaa sasa hivi. Asubuhi Mutua aliniona akapiga makofi, "Bwana harusi! Bibi ni nani?" Nikaangalia mikono yake.

Leo saa nane waya ilikuwa inasumbua, Mutua akapunguza mwendo wa herufi. Herufi zikaanza kuja moja moja, polepole, kama mtu anafikiria. Mzee mmoja alikuwa ameuliza Abshir mwingine, wake alikuwa mstari wa pili, akaenda akishukuru. Nikabaki naangalia kioo inamaliza.

Ikafika jina langu. Kaboksi hakakusimama.

Kakashuka mstari wa nane, kakaanza kutembea. Hakuna herufi. Kanatembea, kanaruka nafasi, kanatembea, kanaruka. Kakashuka wa tisa. Wa kumi. Joto lote la mchana na mimi nikasikia baridi mgongoni. Nikasoma Ayatul Kursi. Nilijua ni jini, nilijua kabisa.

Lakini macho yangu imezoea kuhesabu. Mstari wa kumi na nne kalitembea hatua sita, kakaruka. Hatua saba, kakaruka. Hatua tano.

Abshir, sita. Warsame, saba. Guled, tano.

Niliingia kwenye jina langu nikatoa ile amri. Nikafungua ukurasa tena. Wakatoka wote, mmoja baada ya mwingine, kijani, kama watu wanaotoka kwenye vumbi. Mstari wa kumi na nne: Abshir Warsame Guled. Mandera. Anatafuta mama, Dahabo. Aliandikishwa kabla mama yake aanze kuuliza.

Tumemsalia mtu ambaye alikuwa mistari saba chini ya jina langu. Nimevaa nguo yake.

Mutua hajui, alikuwa nje na jenereta. Alama hakuna tena, nimeitoa mwenyewe. Naweza kusema jina limeingia leo. Atanibusu mikono na kuniombea dua, na hakuna mtu duniani atajua. Nimekaa na hiyo fikira tangu saa nane na inanitisha kuliko kaboksi. Naweza pia kunyamaza. Eeddo anaondoka kesho alfajiri na lori ya Bura, kwa ndugu zake, kwa sababu hapa hana wa kumngoja. Bura ni kusini. Mandera ni huko juu kabisa.

Na chini yake kulikuwa na wengine, mpaka mwisho wa ukurasa. Nimewaandika kwenye karatasi. Mama zao pia niliwaambia hayuko.

Nimemwona Eeddo kupitia dirisha. Anaosha vibuyu vya maziwa, anavifunga na kamba. Mara moja aliangalia huku.

Nitatuma ile ya sifuri sasa, niandike hii yote tena mahali inaonekana, na Mutua asome akitaka. Halafu nitavaa suruali yangu, nikunje macawis kwa mikunjo yake ya kwanza, nitoke mpaka kwenye geti. Nitamwambia Abshir yuko Mandera, na ni mimi nilimficha. Wakati huo nitamwangalia usoni.

Yeye atafikiri nini, akisikia Abshir anasema Abshir yuko hai?

Esc. Bano. Sifuri.