Nilipokuwa Daktari Urbain

Dada yangu Henriette,

Nakusalimu kwa furaha inayonizidi. Mgongo wako umepoa? Na wanafunzi wako hapo Rumonge wanakusikiliza, au bado wanakuchezea? Mimi ni mzima, ila magunia ninayobeba huku ugenini Clairwood yamenimaliza mabega. Lakini leo siandiki habari za magunia. Dada, kaa chini: nilikuwa mkaguzi wa shule!

Najua unacheka. Mimi niliyeacha shule darasa la tano! Sikiliza. Jirani yangu hapa mtaa wa Point ninapoishi, Peguy, yuko kwenye kampuni inayokodiwa kukagua shule za binafsi. Ilipewa kazi kwa kuonyesha majina ya wasomi, mmoja wao Daktari Urbain. Kumbe Daktari mwenyewe yuko Kanada, hana habari. Siku ya ukaguzi walipungukiwa mtu. Peguy akanivalisha koti, akaniambia nisiongee sana, niwe kama robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani: kijani mwalimu apite, nyekundu asimame.

Tukaenda shule moja ya Isipingo. Eish, dada! Chai, keki, karibu Daktari kila mlango! Nikakaa nyuma darasani kwa mwalimu Laurette, Mkongomani. Mkuu wa shule alipoingia, nikaruka nikasimama wima, mikono nyuma, kama tulivyozoeshwa kwetu. Watoto wakaangua kicheko; mmoja akauliza Daktari ameadhibiwa kwa kosa gani. Laurette akawaambia Daktari anawafundisha heshima, nao wasimame. Aliniokoa, huku chaki ikitetemeka mkononi mwake, kama wewe ukiletewa wakaguzi.

Tulipomaliza, Peguy akanipa karatasi iliyokwisha kujazwa: Laurette hafai, aondolewe. Nikamwambia mbona watoto wake wanasoma vizuri sana. Akajibu kwamba wakisifu walimu wote, mwenye shule hatawaita tena. Kila shule lazima apatikane mwalimu mbovu. Mimi nitie tu saini ya Urbain.

Dada, sikutia saini hiyo. Niliandika jina langu, na chini yake: mbeba magunia, Clairwood. Nikampelekea mkuu wa shule karatasi hiyo mwenyewe, mkononi.

Ukaguzi wote umetupwa. Laurette anafundisha. Peguy tukikutana kwenye ngazi anatazama ukuta. Nami nimerudi kwenye magunia, nacheka peke yangu hadi wenzangu wananiuliza nimekunywa nini.

Nisalimie mama na watoto wote. Na mkaguzi akija kwako, usitetemeke. Muulize kwanza siku nyingine anafanya kazi gani.

Mdogo wako,
Léonce Nahimana,
mbeba magunia, Clairwood