Rangi Nyeusi ya Chini

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kanunua gari! Kaja nalo gereji mchana, honi tangu kona ya mtaa, mafundi wote wakatoka na spana mikononi. Jeupe kama maziwa, mlango wa pembeni unateleza, na sakafu yake inakipokea kiti cha magurudumu bila kukikunja. Wifi alikuwamo ndani, amekaa kwenye kiti chake, mkanda kifuani, uso umechangamka kama bibi harusi. Tangu kiharusi kimwangushe, miaka mitatu sasa, ni hospitali na nyumbani tu. Alinishika kwa ule mkono mzima.

— Wifi, Jumamosi nakwenda kumwona mama yangu.

Mama yake yuko ng'ambo ya milima, mwendo wa kutwa nzima. Nikampigia vigelegele hapohapo, na mikono yangu imejaa puti ya kusawazishia bodi.

Kaka akazunguka akigonga bodi kwa vidole. Hata mkwaruzo halina! Limetoka nchi ya theluji, anasema, watu wa huko wanaendesha kwa adabu. Kalinunua yadi ya Tabasamu.

Tabasamu ni mteja wangu. Magari yake nayapaka mimi, mwaka wa pili huu. Sikuuliza kitu. Nilicheka na wenzangu.

Jumanne, 4 Machi

Kaka kapiga simu. Mlango unakwama gari likipita kwenye shimo. Kitu kidogo, anasema, nikipata nafasi nikiangalie. Halafu, maana mwalimu wa jiografia hastaafu hata akiagwa mara ngapi, akaanza somo la theluji. Huko barabara inageuka kioo, miguu minne ya gari haishiki. Basi malori yanapita yanamwaga chumvi, barafu iyeyuke.

— Chumvi kwa matani, dada! Sisi huku tunakoleza kwa ncha ya kijiko!

Akacheka mwenyewe. Nami nikacheka.

Simu ilipokatika nikabaki nimesimama na msasa mkononi. Chumvi. Maji. Chuma. Gari linaogeshwa hivyo kwa chini baridi nzima, mwaka baada ya mwaka. Na mlango unakwama — mlango haukwami bure. Hukwama pale panapoushikilia pakilegea.

Nimemtumia ujumbe alilete keshokutwa. Sikuandika kwa nini.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka kaliacha asubuhi, kaenda kumnunulia mkwewe kitambaa. Tukalipandisha juu ya jeki, mimi na Kipara, mchomeleaji wetu. Tukalala chali.

Chini kunang'aa! Nyeusi tupu, laini, kama kiatu cha siku ya kwanza ya shule. Ndiyo kilichonitisha. Gari la miaka kumi na minne halina haki ya kung'aa chini.

Nikachomoa bisibisi. Nikagonga boriti ya kulia, chuma kinachobeba sakafu — ngo. Ngo. Nikagonga ya kushoto. Haikulia. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, nyepesi, kama kisu kwenye keki. Nilipoivuta, kutu ikanimwagikia usoni. Kipande kizima cha boriti ni rangi tu! Ndani hamna chuma. Na juu yake, palepale, ndiyo kulabu ya sakafuni inayoshikilia kiti cha wifi. Mabomba ya breki nayo yamevimba, yamechubuka, nimeyagusa kwa kidole tu nikaogopa.

Milimani. Kona zile. Na wifi amefungwa kwenye kiti kilichofungwa kwenye rangi.

Kipara akapitisha kidole kwenye pembe, juu ya rangi. Kisha, polepole:

— Fundi... huu si mkono wako?

Ni mkono wangu. Kwenye pembe huwa napitisha burashi mara mbili, ya pili kinyume cha ya kwanza. Hakuna mwingine anayefanya hivyo, wananicheka kwa hilo. Januari. Mvua ilikuwa inanyesha, Tabasamu alikuwa na haraka.

— Basi umempaka maiti wanja, akasema Kipara. Alitaka kunichekesha. Alipouona uso wangu akaacha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia kaka. Nusu. Gari limeoza chini, kesho halitembei. Nusu ya pili imebaki kooni.

Kaniambia namharibia furaha. Kaniambia mafundi hatupendi kitu kizima, kizima hakituletei kazi. Nimevumilia. Alitaka Kipara achomelee. Kipara akamjibu kwa heshima: mzee wangu, nichomelee kwenye nini? Moto hauna pa kushika.

Akaenda yadi, akarudi saa kumi. Tabasamu kamwambia gari liliuzwa lilivyo, na sehemu ya chini ilikaguliwa na fundi stadi ndipo ikapakwa. Fundi gani? Hakumtaja.

— Nikimjua huyo mpaka rangi, kaka akasema, nitamuuliza neno moja tu.

Nilikuwa nimesimama mbele yake. Kucha zangu nyeusi.

Najaribu kukumbuka Januari, bila kujionea huruma. Burashi ya waya iliangusha maganda mapana kama magome ya mti. Nikamwita Tabasamu. Akasema ni kutu ya safari ya meli tu, fundi, wewe paka. Nikapaka. Hivyo ndivyo nilivyojiambia siku zote: niliambiwa. Lakini bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu siku ile. Mtu asiyejua hugonga ili ajue. Mimi sikugonga.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ndiyo ilikuwa safari.

Sikwenda kazini. Nimekaa kitandani nikihesabu niliyoyapaka chini: kumi na moja, labda kumi na mbili. Mengi sijui yako wapi. Moja najua — lile la njano la msambaza mikate, analipaki nyuma ya soko.

Nilimkuta anapakia kreti. Nikamwambia, mimi ndiye niliyelipaka gari lako chini kabla hujalinunua, na naomba nilitazame. Nilisema hivyohivyo! Mimi ndiye. Maneno yalitoka kama salamu. Akaniangalia kama mwendawazimu, kisha akalala chini mwenyewe na aproni yake ya unga. Upande wa kulia mzima. Kushoto pana doa, halijatoboka. Kaniambia atalipeleka kwa fundi wake, na kwamba nisijisumbue kulipaka tena. Sikumlaumu.

Njiani nikawaza: kwa mgeni nimeweza. Kwa mtoto wa mama yangu nashindwa. Mgeni akinichukia, namwacha sokoni. Kaka nitamwacha wapi?

Kesho nakwenda kwao.

Jumapili, 9 Machi

Niko kwao. Naandika mezani, sebuleni. Daftari huwa liko mkobani, na mkono ukishika kalamu unatulia.

Nimesema. Tulikuwa wawili, wifi amepumzika chumbani. Nilikataa chai kwanza, nikasema nikiinywa sitasema. Yule mpaka rangi ni mimi, kaka. Ule weusi ni kazi ya mikono hii. Boriti, kulabu, maganda ya kutu, maneno ya Tabasamu — yote kwa mkupuo, mpaka yakaisha.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Kaka yangu aliyenifundisha kusoma saa ya ukutani. Kisha akaniuliza lile neno lake moja:

— Ulijua?

Nikafungua mdomo. Akainua kiganja.

— Usinijibu mimi. Aliyekuwa akae kwenye kile kiti si mimi.

Akainuka, akaenda kumleta.

Naweza kusema sikujua. Habari ya chumvi sikuijua kweli, na kaka angelipokea hilo, nimeuona uso wake ukilisubiri. Angenishukuru hata. Bisibisi ya mfukoni tu ndiyo sijamtajia.

Namsikia chumbani akimwamsha mkewe, taratibu, anamwambia nipo. Hajamwambia jambo. Wifi anacheka, sauti nzito ya usingizi.

— Wifi kaja? Basi amemaliza kulitengeneza!

Magurudumu yanakuja koridoni.