Kikombe Kilichojaa cha Mzee Owora

Jumapili, Mei 1961. Wodi ya wanaume, Tororo. Mvua tangu adhuhuri, na mimi nina hasira.

Kosa la watu wengi ni hili: mzee akipoa mwili, husema amepona. Akilala mchana kutwa na kusema maneno yasiyoshikana, husema ni uzee. Leo makosa yote mawili yamefanywa na mtu mmoja, mbele ya macho yangu.

Vidole vyangu bado vimevimba, kwa hiyo mwandiko huu ni wa mtoto wa darasa la kwanza. Homa iliyonileta hapa kutoka Merikit ni hii ya kuvunja viungo. Nilipokuwa nikifundisha pwani tuliiita kidingapopo. Daktari anasema huenda ndiyo, huenda ni ndugu yake. Zote huletwa na mbu. Kijana huchemka kama sufuria na kila mtu akamwona. Mzee huenda asichemke sana. Hukauka kimyakimya, na akili ikaanza kutangatanga. Tena kwa wengine hatari huanza homa inaposhuka, wakati ndugu wanafunga mizigo warudi nyumbani. Nimemweleza hivyo kila aliyekaribia kitanda changu. Wanaitikia kwa kichwa, kisha wananiuliza kama nimekula.

Kitanda cha pili ni cha Mzee Owora wa Mulanda. Juzijuzi alikuwa akipalilia wimbi lake, ule ulezi wa uji. Sasa midomo imepasuka, ulimi umekauka kama kipande cha ngozi, na leo asubuhi aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa.

Asubuhi kikombe chake cha maji kilikuwa kimejaa. Adhuhuri kilikuwa bado kimejaa.

Anayemuuguza ni Athieno, mke wa mwanawe. Kwetu mke wa mwana hagusi kitanda cha baba mkwe, sembuse kumwona akijisaidia. Basi huweka kikombe sakafuni, uso ameugeuzia ukutani, na kurudi nyuma. Mhudumu ni mmoja kwa wodi nzima. Nilipomuuliza Athieno kwa nini hamhimizi mzee anywe, alinijibu akiwa ameinama.

“Mwalimu, akikunywa ataomba chupa. Chupa nitashika namna gani, na huyu ni mkwe?”

Mzee naye anajua. Ndiyo maana haombi maji. Wawili hawa wamekubaliana bila kusemezana kwamba afadhali kiu kuliko aibu.

Jana nilijaribu kumshikia chupa hiyo ya mkojo mimi. Vidole vikaiachia, tukalowa wote wawili.

Sina neno na Athieno. Ametumwa kazi ambayo mila inamkataza, kisha akaachwa nayo peke yake. Neno langu ni kwa aliyemtuma.

Huyo alifika leo baada ya kanisa: Okoth, mwana wa pekee, muuza vitenge wa Busia, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni kama karani. Alimgusa baba yake kwenye paji la uso kwa ncha za vidole, jinsi mtu anavyojaribu pasi, akafurahi.

“Baridi kabisa! Homa imekwisha, Mwalimu. Hii ingine ni uzee tu. Kesho nakuja na gari, nakwenda na yeye nyumbani.”

Sote wodini tunajua maana ya nyumbani hapo. Kumsafirisha mtu hai ni rahisi kuliko kusafirisha maiti.

“Uzee,” nikamwambia. “Juzi analima, leo ni mzee. Huo uzee ulikuja kwa treni?”

Wenye nguvu za kucheka wakacheka.

“Wewe Mwalimu, homa haikuweza mdomo yako.”

“Haikuuweza. Shika chupa ile.”

“Mimi? Hiyo kazi ya wanawake!”

“Mwanamke gani? Mama yako tulimzika. Huyu aliye hapa ni mkwe. Amebaki nani?”

Akatazama viatu vyake. Vilikuwa vimepakwa rangi vizuri sana.

Ndipo Mzee Owora, ambaye kutwa nzima hakuwa amesema neno lililonyooka, akafumbua macho.

“Okoth. Nina kiu.”

Athieno akatoka nje bila kuambiwa. Okoth akashika kikombe, na baadaye akashika chupa, uso dirishani, kama mtu aliyeshika nyoka mkiani. Kilichotoka kilikuwa kidogo, cheusi kama chai ya rangi. Muuguzi wa zamu alipopita akakitazama, akasonya.

“Na huyu ndiye mlitaka kumpakia garini?”

Gari limekatazwa. Mzee anywe kidogo kidogo jioni yote, na mwanawe asitoke.

Sasa kikombe kimejazwa tena na kupungua tena. Mzee amenitazama, akaniita Mwalimu, akauliza kama ndege wameingia kwenye wimbi. Sijui kama amevuka. Muuguzi naye hasemi.

Okoth yuko mlangoni akiwaeleza wageni wa watu jinsi alivyomuuguza baba yake wiki nzima. Namsikia vizuri kutoka hapa. Mwache aseme, mradi chupa ikihitajika nimwite kwa sauti ambayo wageni wote wataisikia.

Nawe uliye na mzee mgonjwa: leo hii mpe maji kidogo kidogo, kisha usiondoke, mshikie chombo.