Panga Fupi Tano Ukutani

Jumanne, 3 Septemba

Nimejiandikisha mazoezi ya upanga. Nina miaka hamsini na miwili, na leo nimesimama mstari mmoja na mlinzi wa benki, sote tumevaa kaptura, tukifundishwa namna ya kusimama. Kusimama!

Ukumbi zamani ulikuwa ghala la karatasi. Harufu ya karatasi zilizolowa bado ipo. Ukuta mmoja una misumari mitano, na kila msumari una upanga mfupi usionolewa, usio na jina. Mmoja kati ya hizo tano ulikuwa wa mke wangu.

Hiyo ndiyo sheria yao. Mtu akiacha, au akifa, upanga wake unarudi ukutani, kibandiko cha jina kinabanduliwa, na hakuna anayeruhusiwa kusema ulikuwa wa nani. Mwezi wa sita nilikwenda kuuomba kistaarabu. Mwalimu wao ni mzee mfupi aliyekuwa fundi wa mizani. Akanijibu kistaarabu vilevile: panga za ukutani ni za wanaoanza. Anayeanza anashika kila mmoja siku moja, siku ya sita anachagua, na aliouchagua ni wake kabisa, hata kulala nao akitaka. Nikauliza usiri wa nini. Akasema wakijua majina watachagua majina.

Basi naanza. Nikishaupata, sirudi tena. Sijamwambia mtu.

Leo nimeshika wa kwanza. Mzito kama nyundo.

Jumamosi, 7 Septemba

Wa pili. Unang'aa, mpini mwembamba, ncha nzito. Mwalimu anatupima hivi: nyoosha mkono, upanga mbele yako, hesabu hadi sitini. Ncha ikitetemeka kabla ya thelathini, huo si wako. Yangu imetetemeka kwenye kumi na tisa. Anasema kosa la kila anayeanza ni kuchukua mrefu, au mzuri wa kutazama. Upanga wa kwanza uwe mwepesi kiasi cha kuusahau, na mpini usizunguke kiganja kikitoka jasho. Halafu ulaze bapa lake juu ya kidole kimoja: ukitulia vidole vinne kutoka kwenye mpini, unamfaa anayeanza. Huu haukutulia popote. Nimelalamika kwa sauti, nikaurudisha msumarini.

Mlinzi kaniambia upanga si mto wa sofa, nisiufinye. Ameshaijua kazi yangu ya kuvisha makochi. Kipande cha sponji kilining'inia kwenye soksi.

Mwenzi wa mke wangu katika mazoezi yupo, ni mkunga. Walifanya kazi hospitali moja, mke wangu alikuwa akipokea simu. Mkunga ndiye aliyemleta hapa. Amenisalimia kwa kichwa tu, akaniita Fundi kama wengine.

Na nimesikia jambo. Humu ndani mke wangu aliitwa Radi. Mtu mmoja kasema tangu Radi aondoke, ukumbi hauna kelele. Radi! Mimi nimeishi na mtu aliyefunga mlango kwa mikono miwili usije ukalia.

Jumapili, 8 Septemba

Kwa nini siujui upanga wake. Niandike, maana sijawahi kuliandika.

Aliniomba twende wote siku ya kuchagua. Alisema mimi nina jicho. Nikamuuliza anataka kumkata nani, nikacheka, nikaendelea na kochi la watu watatu. Akaenda peke yake. Akarudi nao umefungwa kwenye shuka, akasimama mlangoni mwa karakana. Nilikuwa na misumari mdomoni. Sikuinua macho. Nilisikia tu kwamba amesimama, halafu nikasikia kwamba hayupo.

Aliuweka chini ya kitanda. Siku ya tatu nikasema chuma kama hicho hakikai chumba cha kulala. Akaurudisha ukumbini, ukakaa huko miaka miwili, hadi mwezi wa pili damu ilipomvilia kichwani.

Sijui hata rangi ya mpini wake.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeupata!

Wa tatu. Wiki ya kwanza walituvalisha glavu na kutukataza kutazama mkono, macho yawe kwenye ncha. Leo glavu zimevuliwa. Nimeushika na vidole vimejua kabla yangu. Mpini umevishwa ngozi ya kahawia, na mshono ni wangu. Sindano mbili zinazokutana, uzi uliopakwa nta, na mwisho wa uzi haufungwi fundo, unafichwa chini ya ngozi. Sijaona fundi mwingine anayeficha uzi hivyo. Wenzangu hunicheka kwa kupoteza muda.

Mwalimu ameniambia niache kuutazama, niutumie. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimemaliza sahani nzima ya chakula.

Jumamosi, 14 Septemba

Wa nne. Mshono uleule.

Nikadhani ni macho yangu. Nikaenda ukutani bila ruhusa, nikazigeuza mmoja mmoja. Zote tano. Ngozi ileile, uzi uleule, mwisho umefichwa. Mlinzi akauliza kama nahesabu silaha za serikali.

Nikamfuata Mkunga, alikuwa anafuta sakafu. Hakushangaa. Mwaka jana, alisema, mipini ilikuwa na kamba zilizochakaa, zikawa zinawachubua wanaoanza. Radi akakaa kwenye benchi Jumamosi nne mfululizo, akazivisha zote, na wake pia. Aliwaambia kwamba mume wake ndiye aliyemfundisha. Wakasema huyo mume ana moyo.

Sikumfundisha. Alikuwa akikaa kwenye kiti kando ya mashine, akinisubiri nimalize kazi. Macho yake yalikuwa mikononi mwangu. Nilidhani anasinzia.

Na ngozi yenyewe naijua. Ni mabaki ya kochi la daktari. Ilipotea karakana mwaka jana, nikauliza nani kaichukua, halafu nikajijibu mwenyewe. Nilimtaja mtu. Kesho lazima niende kwake.

Jumapili, 15 Septemba

Mdogo wa marehemu mke wangu ni fundi rangi. Siku asizo na kazi alikuwa akija kunisaidia kuvua makochi vitambaa vya zamani. Ngozi ilipopotea nilimwambia, mbele ya mteja, kwamba ana mkono mrefu. Hakujibu. Hakurudi. Mazishini alisimama ng'ambo ya kaburi.

Leo nimemkuta anapaka geti la shule. Nimemweleza yote nikiwa nimesimama juani, yeye akiendelea na brashi. Alimaliza nondo moja nzima ndipo akaniambia kwamba anajua. Alijua tangu wiki ileile.

"Dada aliniomba nibebe lawama, shemeji. Alisema ukijua ngozi imeenda kwenye panga, utamkataza kwenda. Nikabeba."

Nikamwambia nisingemkataza. Akanitazama, wala si kwa hasira. Akauliza, kwani ule uliokuwa chini ya kitanda uliondolewa na nani.

Hata hilo alikuwa analijua.

Miaka kumi na tisa ya ndoa. Sijawahi kuinua mkono, wala sauti. Nilijihesabu mume mpole, na majirani hunitania kwamba hata nyundo naipiga kwa kuomba radhi. Kumbe nyumbani kwangu mke wangu alinikadiria kama mtu anavyomkadiria mbwa wa jirani: haumi, lakini zunguka. Akaona heri mdogo wake aitwe mwizi kuliko mimi niambiwe ukweli. Na mimi nilikuwa napita naye mlango mmoja, namuuliza chai iko wapi.

Nimemwomba shemeji radhi. Amenipa kopo la rangi nimshikie. Nimelishika mpaka geti likaisha.

Jumanne, 17 Septemba

Wa tano. Mfupi mno, mpini umejaa mkono mzima. Si wa mtu kama yeye — au ndio? Nabahatisha tu. Ningekuwa mume ningejua.

Baadaye Mwalimu kaniambia nirudie wa nne. Nimehesabu hadi sitini, ncha imetulia tuli. Hakusema kitu. Mlinzi ananong'ona kwamba kwa mzee huyu kimya ndiyo cheti. Yeye mwenyewe anautaka wa pili, kwa kuwa unang'aa.

Mwisho wa mazoezi nimemuuliza Mkunga waziwazi, upi ulikuwa wake. Akasema akiniambia nitaupeleka nyumbani, nitautundika juu ya kochi, hawatauona tena, wala mimi hawataniona. Sikukana. Ningekana angejua nadanganya.

"Wewe umefiwa na mke," akasema. "Mimi nimefiwa na mtu wa Jumanne na Jumamosi. Tangu mwezi wa pili nafanya mazoezi na ukuta. Hakuna aliyenipa pole."

Nimeondoka bila kumpa hiyo pole. Nilikasirika. Sasa nimekaa na hasira yangu na haina pa kwenda. Alicheka na nani, alimpigia nani kelele, alimwonyesha nani mshono wake? Huyu. Mimi nilibakiziwa mtu mchovu, anayevua viatu polepole.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimekata kitambaa cha mteja vibaya, mistari inapanda upande mmoja na kushuka mwingine. Nimefumua, nimeanza upya.

Mchana nimejikuta nimesimama katikati ya karakana, rula ya chuma mkononi, mkono umenyooka, nahesabu. Nilikuwa kwenye arobaini na mbili. Nimeiweka chini haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Sikwenda kule kujifunza.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika hapahapa ukumbini, kwenye benchi la kubadilishia nguo, kwa kalamu ya Mlinzi.

Leo ndiyo siku ya kuchagua. Kura imeniangukia nitangulie. Nilikuwa nimeshaamua: wa tatu. Ndio niliofurahi nao, na nyumbani ningejiambia kwamba ni wake mpaka ningeamini. Nikanyoosha mkono, nikaugusa. Mwalimu akauliza, ni huo? Nikaurudisha mkono. Akasema kuchagua si kukimbizwa, nikanywe maji. Dakika kumi.

Mkunga amekuja kukaa. Ameacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Alikuwa anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Halafu akasema:

"Ni wa pili, shemeji."

Wa pili. Ule niliolalamikia. Nimeushika saa nzima, glavu mkononi, na sikuhisi chochote. Nilitaka tu zamu yake iishe.

Nimeuliza kama ana hakika. Ana hakika. Anasema hata Radi haukumfaa. Aliuchagua kwa kuwa ulikuwa mzuri wa kutazama, na siku ile hakuwa na mtu wa kumwambia hapana. Baadaye akakataa kubadilisha, kifundo cha mkono kikawa kinamuuma kila wiki. Kile kifundo nilikuwa nakipaka dawa mimi! Nilikuwa nakisugua huku nikimlaumu kwa kukaa na simu mkononi kutwa. Aliacha nisugue.

Nimeuliza kwa nini ananiambia leo. Amesema Jumanne, nilipofika sitini nikiwa na upanga wa nne, nilicheka. Sikujua kama nilicheka. Anasema nilicheka, kidogo, kwa pua, na kwamba Radi alikuwa akiwaigizia kicheko hicho, watu wanaanguka. Kwa hiyo amekijua kabla hajanijua mimi.

Alikuwa akiniigiza. Na watu wakifurahi.

Nimempa pole. Imechelewa, lakini nimempa. Amepokea vizuri. Amesema niuchukue wa pili kama ndicho nilichofuata, hatanishika shati. Jumanne yeye atakuwepo, na mtu au na ukuta.

Sasa ninajua, na kujua hakujanisaidia. Wa pili hautanifundisha kitu, utaniumiza mkono na kuishia msumarini nyumbani. Anayeanza anatakiwa kuchukua wa nne. Mkono wangu unautaka wa nne, nasema hivyo kwa aibu, ninautaka kama mtu anavyotaka chakula. Lakini nikiuchukua wa nne, anayefuata ni Mlinzi, atauchukua wa pili, na Mlinzi ana viganja kama koleo. Wiki hii ameangusha upanga mara mbili. Akiulizwa baadaye ulikuwa wa nani, atasema ni wake. Na itakuwa kweli.

Laiti mke wangu angekuwepo nimuulize. Angesema chagua unavyoona. Ndivyo alivyokuwa akinijibu siku zote, na mimi nilidhani ni kwa sababu ananiamini.

Mwalimu amegonga sakafu kwa fimbo mara mbili. Mlinzi anataka kalamu yake. Anasema wosia nitaandika siku nyingine, nitangulie, la sivyo atatangulia yeye na nisimlaumu mtu.

Nimesimama. Naandika nimesimama. Mkunga ameshaenda katikati ya sakafu, mahali anaposimama mwenzi, upanga wake ameuelekeza chini. Hautazami ukuta. Anautazama mlango wa kutokea.