Plasta za Baba

Franeker, 3 Machi

Mdogo wangu Sjoerd,

Hujambo huko Rotterdam? Mkeo na watoto hawajambo? Mimi nipo, ila jicho la kushoto limevimba. Jana Baba alinivurumishia kiatu chake cha mti kwa sababu kahawa ilipoa. Saratani imeingia mpaka mifupani, lakini mkono bado ni uleule.

Habari njema ni kwamba daktari amepokea ombi lake la kusaidiwa kufa, kama sheria yetu inavyoruhusu. Daktari wa pili akiridhika kuwa hakuna dawa inayomtuliza, tarehe 14 atachomwa sindano ya mwisho hapa nyumbani. Baba analia kutwa. Njoo umuage.

Dadako,
Jeltje

Rotterdam, 8 Machi

Dada Jeltje,

Sisi wazima, pole na jicho. Siji. Nikimwona nitamkaba koo kabla daktari hajafungua mkoba, nifungwe bure.

Ila Hinke, yule muuguzi wa tiba shufaa, amenipigia simu. Anasema plasta za kutuliza maumivu anazombandika Baba zingemlaza hata fahali. Mbona analia?

Mdogo wako,
Sjoerd

Franeker, 16 Machi

Mdogo wangu,

Nyote wazima? Mimi sijui.

Nilikuwa nazibandua. Hinke akitoka tu, nazing'oa mgongoni pa Baba, nazitupa motoni. Nilitaka aumie mpaka aombe kufa, na aliomba. Alipiga mayowe, mimi nakunywa kahawa. Nilifurahi, Sjoerd.

Jumanne Hinke alirudi kuchukua glavu, akanikuta na plasta mkononi. Alinibana ukutani, akamwita daktari. Daktari akamuuliza Baba nani anazitoa.

"Mimi mwenyewe," Baba akasema. "Huyu kila siku ananibembeleza nisizitoe. Muacheni."

Sasa kafungiwa pampu ndogo ya dawa, Hinke pekee ndiye anayeigusa. Maumivu yametulia na ombi kalifuta. Anataka kuona ng'ombe wakifunguliwa kwenda malishoni baridi ikiisha. Nilimuuliza kwa nini alinifichia siri.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," alisema. "Niliona ni haki yako."

Nimelia mpaka nimetapika.

Jeltje

Rotterdam, 18 Machi

Dada,

Leo sina salamu. Nimekula ngumi za mzee huyo miaka kumi na sita, na mimi hajaniambia neno kama hilo. Jumamosi nakuja kwa treni ya asubuhi. Mwambie Hinke dawa isipungue hata tone. Nataka nimuulize kwa nini alitupiga, anijibu bila kulia.

Sjoerd