Sauti Chini ya Kelele za Cherehani

Kaka mpendwa,

Kabla ya salamu, acha nikufunulie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata wewe wakati ule tulipokuwa tunalala chumba kimoja. Siikumbuki sauti ya Mama. Watu wakisema alikuwa na sauti nzuri, huwa naitikia kwa kichwa kama ninayekumbuka. Uso wake ninao kwa sababu ya picha ya ukutani. Sauti sina. Nimeona aibu miaka yote, kama mtu aliyekabidhiwa kitu na wenzake akakidondosha njiani.

Sasa salamu. Hujambo huko uliko? Lifti zako zinapanda na kushuka, au umeshamfungia tajiri mmoja kati ya ghorofa na ghorofa? Sisi huku ni wazima. Baba anaendelea kupaka rangi nyumba za watu huku yetu ikibanduka. Mimi shuleni naendelea vizuri, isipokuwa nikiitwa mbele ya darasa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu haya yangenishinda, na wewe ukisikia tu anatajwa Mama Mdogo ungekumbuka ghafla kwamba una kazi.

Naam, barua hii inamhusu yeye, huyo unayemwita “mke wa Baba”. Tena nitafika hadi kwenye cherehani. Sijasahau siku alipoletwa nyumbani, wewe ukasimama mlangoni ukamwambia kila kitu humu ndani anaweza kukitumia, lakini cherehani ya Mama asiiguse. Nakuomba usome hadi mwisho, halafu ndipo ukasirike.

Ilianza Baba alipoburuta kabati la chumbani ili apake ukuta wa nyuma. Ikaanguka kaseti. Imeandikwa kwa wino mwekundu, kwa zile herufi zako za utotoni zinazolalia kushoto: REDIO YANGU. Baba akaazima redio kwa jirani. Tulichosikia ni cherehani tu, tata-tata-tata mwanzo mpaka mwisho, na chini yake watu wanaongea kama walio chumba cha pili na mlango umefungwa. Baba akasema huyo ni mama yenu. Kisha akatoka nje kuosha brashi ambazo zilikuwa safi. Mimi nikabaki nimekaza masikio, na kwa kweli sikuweza kujua Mama ni yupi na cherehani ni ipi. Nikaanza kulia.

Mama Mdogo alikuwa anapita na beseni la nguo. Hakuniuliza ninalilia nini. Aliniuliza kama hakuna njia ya kuvitenganisha, sauti huku, kelele kule. Unajua mimi na yeye tulivyokuwa: ndiyo, hapana, ahsante, basi. Siku hiyo, sijui ni nini kilinipanda, nikaongea mpaka mate yakakauka. Nikamweleza kwamba zipo programu za bure za kompyuta ambazo hujifunza kwa mifano. Unazilisha sauti nyingi, zinajifunza hii ni ya mtu na hii si ya mtu, kisha zinachambua. Akaweka beseni chini na kuniuliza tunaanzia wapi.

Tulianzia kwenye kompyuta yako. (Usishtuke, mchezo wako wa mpira upo na timu yako bado inashika mkia.) Programu ilikubali kuingia, ila kila nilipoipa kazi ilijibu kwamba haioni kadi ya picha, ile inayoisaidia kompyuta kwenye hesabu nzito. Kadi ipo, uliichomeka mwenyewe kwa ajili ya michezo. Bila msaada wa kadi, kompyuta ilijaribu kubeba hesabu zote peke yake, ikapata moto, ikajizima. Kilichokosekana ni draiva inayofaa, ile programu ya katikati inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi. Nikafanya ambalo angelifanya yeyote: nikapakua draiva mpya kuliko zote. Skrini ikawa giza, halafu ikarudi na maandishi manene kama ya kibao cha duka. Nikaondoa, nikaweka nyingine, nayo mpya. Yakawa yaleyale. Nikasema basi, nimeiua, na Kaka akirudi ataniua mimi.

Mama Mdogo akavuta kiti cha plastiki, akakaa kando yangu. Kazi yake, kama hukuwahi kuuliza, ni kukaa dirisha la mapokezi kwenye kliniki ya meno. Akaniambia kule mgonjwa hafukuzwi kwa sababu anaguna. Anaulizwa inauma wapi na imeanza lini. Akataka nimsomee lile tangazo la kosa ambalo mimi nilikuwa nalifunga kabla halijamaliza kutokea. Kiingereza chake, anasema mwenyewe, ni cha kuombea maji, kwa hiyo nilisoma na kumfasiria mstari kwa mstari. Mahali fulani akanisimamisha, akasema nimeruka kitu, maana mstari ulikuwa mrefu kuliko maneno yangu. Nikarudi. Kweli nilikuwa nimeruka. Hapo ndipo palipoandikwa kwamba draiva hiyo haizihudumii tena kadi za umri kama wa kwako.

Kumbe nilikuwa nakimbilia vipya na dawa ilikuwa nyuma. Tukatafuta draiva ya mwisho inayoitambua kadi yako. Tukaipata, lakini sasa programu ndiyo ikaikataa, ikisema draiva hiyo ni ya zamani mno. Nikashika kichwa. Yeye akacheka, akasema hayo ndiyo maisha yake ya kila siku: daktari ana nafasi Jumanne, mgonjwa anaweza Alhamisi, na dawa ya ganzi inaletwa Ijumaa. Humlazimishi mtu. Unatafuta siku ambayo wote watatu wapo. Akageuza kalenda kuukuu ya kliniki, akachora safu tatu nyuma yake, kadi, draiva, programu. Mimi nikawa nasoma kwenye tovuti matoleo yapi yanakubaliana na yapi, yeye anakata kwa kalamu. Ilibaki mistari miwili isiyokatwa, draiva moja na toleo moja la programu. Kumbe hata programu yenyewe tulipaswa kuchukua toleo lake la zamani.

Tukafuta mabaki yote ya zile draiva nilizozirundika, tukawasha upya, tukaweka hii moja. Nilipoiuliza programu inaona nini, ikaandika jina la kadi yako, herufi zote. Mama Mdogo akainama kwenye skrini kama anayetazama kupitia dirisha lake, akasema, “Karibu, mgeni wetu. Ulikaa benchi gani siku zote hizi?” Nilicheka, Kaka, nilicheka kwa sauti, mpaka Baba akaja na brashi mkononi kuuliza hicho kiboksi kinataka nini tena, au na chenyewe kinywe chai.

Kesho yake nimetoka shule, kadi haionekani. Kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe, ikarudisha draiva mpya bila kumwuliza mtu. Nilijitupa kitandani na sare. Mama Mdogo aliporudi hakuvua hata viatu. Akasema kazini kwao yuko mwenzake anayempangia mafaili upya kwa wema tu, na yeye hagombani naye, anafunga kabati. Basi tukaanza upya, na safari hii tukazima kwanza huko kujisasisha. Sikumsikia akiguna hata mara moja. Mimi ningekuwa nimeshavunja kitu.

Tukaipiga kaseti kwenye redio ya jirani, tukairekodi kwa simu na kuiingiza kwenye kompyuta. Sauti zikatoka, lakini zimekatikakatika, neno moja lipo, manne yamemezwa. Programu ilikuwa imefundishwa kwa muziki, haikuwahi kukutana na cherehani. Mama Mdogo akasema kitu ambacho mpaka leo nakiwaza. Alipoanza kazi, hakuweza kusikia majina ya wagonjwa kwa sababu ya ile mashine ya kutobolea meno. Sasa anawasikia wote. Mashine haikupungua kelele. Ni yeye aliyeizoea mpaka akaijua, na kelele ukishaijua unaiacha ipite. Akasema programu nayo iisikie cherehani peke yake, isikie mpaka iijue.

Halafu sote wawili tukatazama kwenye kona, kwenye lile shuka la maua ya buluu linaloifunika cherehani.

Akaniambia niende mimi. Yeye, alisema, hiyo si yake kuigusa. Basi nikakaa nikakanyaga pedali na simu ikirekodi. Kaka, ilikuwa aibu. Mara inakwenda, mara inarudi nyuma, kama mlevi anayeshuka ngazi. Tuliipa programu mlio huo, ikajifunza ulevi wangu, na sauti zikatoka mbaya kuliko mwanzo. Nikamlaumu yeye kidogo, nikasema laiti angekuwepo mtu humu ndani anayejua kushona. Yeye akainamia kazi yake. Alikuwa anapindisha upindo wa sare yake ya kazi kwa sindano ya mkono. Nikatazama ule mshono. Ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula.

Hapo ndipo nilipozinduka. Huyu mwanamke anajua kushona. Tangu aingie nyumba hii ameshona kwa mkono mapazia, mito, suruali za Baba za kazi, hata begi langu la shule, huku cherehani imekaa hatua chache kutoka anapokaa yeye. Kwa ajili ya neno moja la kijana mwenye hasira mlangoni. Wala hakuwahi kumshtakia Baba, maana nilimwuliza Baba baadaye, naye hakuwa na habari kwamba uliwahi kusema kitu kama hicho.

Sasa ndilo hili ninalotaka ulisikie kwangu, si kwa mwingine. Mimi ndiye niliyemkalisha. Nilivuta lile shuka, nikamwambia, “Mama, kaa.” Nilisema hivyo. Sikusema Mama Mdogo. Sikuwa nimepanga, lilitoka lenyewe, na lilipotoka sikutaka kulirudisha.

Alisimama muda mrefu. Kisha akalikunja lile shuka pande nne, akatia mafuta kwenye vitundu, akaniuliza nina nini cha kushonwa, kwa kuwa cherehani isiyo na kitambaa ina mlio mwingine na tungeidanganya programu. Nikampa sketi yangu ya shule. Akashona. Na mlio ukawa uleule wa kwenye kaseti, Kaka, uleule kabisa, unaotembea sawasawa na kupunguza mwendo kwenye kona. Baba akaja akasimama mlangoni, safari hii bila mzaha.

Programu ikaanza kujifunza. Kadi yako ilipata joto, feni ikavuma kama kompyuta inataka kuruka na meza, Baba akaleta ile feni ya chumbani akaielekeza kwake kama mtu anayempepea mgonjwa. Jioni kabla ya giza ikamaliza. Mama Mdogo akanivalisha visikilizio masikioni, akasema anakwenda kuanua nguo. Nguo zilikuwa bado mbichi. Alitaka tu niwe peke yangu na Mama.

Unaanza wewe. Una sauti nyembamba na unajifanya mtangazaji, unamwomba Mama aseme kitu kwenye redio. Mama anasema aseme nini, mtangazaji, na kazi zimejaa hapa. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani, halafu mwisho wa sentensi inapanda kidogo, kama anayezuia kicheko. Anakwambia utoe kidole hapo, sindano haina macho. Halafu kuna mtoto anabwabwaja, haachi, anapiga kelele kuliko cherehani. Na Mama anasema, “Msikilize chiriku wangu huyo. Huyu ndiye atakayetangaza, wewe utakosa kazi.”

Kaka, nilidhani jina hili la Chiriku umenipa wewe. Nilidhani ni kejeli, unaniita ndege wa kelele kwa sababu sifungui mdomo. Kumbe ni lake, na wewe umelitunza miaka yote kila uliponiita. Sijui kama ulikumbuka lilikotoka. Kama ulikumbuka, ahsante. Kama ulisahau, basi msikilize mwenyewe: ndani ya bahasha kuna flashi, na sauti ni hiyo moja tu iliyomo.

Ninajua utakasirika kwa ajili ya cherehani. Kasirika, lakini ukasirike na mimi. Na ukimaliza, njoo. Si lazima umwite lolote. Kaa naye tu siku moja kwenye kiti cha plastiki, kitu kikiwa kimegoma kufanya kazi, ndipo utanielewa.

Baba anakusalimu na anauliza kama huko wanapaka ngazi kwa rangi ya mafuta au ya maji. Jirani mwenye redio anakusalimu. Wasalimie mafundi wenzako wote.

Tangu nianze barua hii nimeificha mara kadhaa chini ya kitabu cha jiografia, kila ndala zinapopita kwenye korido. Zinakuja tena sasa, ile ya kushoto inaburuza kwa sababu ukanda wake umelegea. Zimesimama. Huwa anabisha hodi, unajua, mpaka leo anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Amebisha. Kitabu ninacho mkononi, nakirudisha kwenye rafu. Karatasi inabaki hapa mezani, wazi, na nimemwambia, “Pita, Mama.”

Mdogo wako,
Chiriku